Ndege wa chini ya majani: niliyoongea na wapiga picha wenzangu pale Mtwara

Watu kadhaa waliokuepo na wengine ambao hawakuepo wameniomba niandike yale niliyoongea jumamosi kwenye kikao chetu cha wapiga picha, basi nimekaa nimeandika kama nilivyoongea, sehemu zingine nimeongeza kidogo maana siku ile muda ulikua mfupi na jenereta nje lilikua linanguruma wa nyuma walikua hawasikii vizuri.

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu habari za asubuhi. Mi nimetoka Lindi na gari la kwanza, nawashukuru sana mlionialika. Nikitazama humu ndani naona watu wa harusi, watu wa studio za paspoti, watu wa sendofu, naona na vijana wanaopiga na simu na wanapiga vizuri tu, wote ni wenzangu. Kazi inayonipa ugali ni hiyohiyo ya harusi na paspoti. Ila kuna kitu kingine nafanya, huu mwaka wa tisa sasa, na ndo nimeitiwa hapa, napiga picha ndege wa msituni. Na nikisema ndege wa msituni sina maana ya wale wa kwenye maji pale Mikindani unaowaona umekaa kwenye bodaboda, nasema wale wanaoishi chini ya miti, wanaotembea kwenye majani makavu kwenye kigiza, ambao mtu anaweza kulima pembeni ya msitu miaka thelathini na asiwaone hata siku moja ila sauti zao anazijua.

Nina neno moja tu la kuwaambia, mengine yote ntakayosema yanazunguka hapo hapo. Ndege wa msitu hafuatwi. Ukimfuata utapata mkia. Mi mwaka wa kwanza wote nilifuata, nikisikia sauti huku nakimbilia huku, ikija kule nakimbilia kule, na nyumbani mpaka leo nina folda nzima ya mikia, matawi yaliyotoka kutikisika sasa hivi, na ukungu wa kijani. Picha zangu zote ambazo ukiziona unasimama, hata moja sikuipata nikiwa natembea. Nilikua nimekaa chini.

Kwanza mjue mnakaa wapi nyie. Kuna dhana kwamba ukitaka kupiga wanyama na ndege lazima uende Serengeti, uwe na gari la kufunguka juu. Sasa sikilizeni. Hapa hapa Mikindani, Mjerumani mmoja anaitwa Hermann Grote alimuandika kwenye sayansi ndege mdogo kuliko kiganja, mweusi na mweupe, mwaka 1911, akampa jina la Reichenow ambae alikua mtaalamu wa ndege wa makumbusho ya Berlin. Batisi wa Reichenow. Makazi yake ni misitu na vichaka vya pwani ya kusini huku kwetu, ukienda Serengeti na gari lako la kufunguka juu humpati. Watu wanapanda ndege toka Ulaya wanatua Dar, wanakuja na basi mpaka huku kumtafuta huyo, na sisi hatujui hata anafananaje. Alafu kule kwetu Rondo kuna komba mdogo kuliko komba wote duniani, uzito wake kama gramu 60 tu, mkia kama brashi ya kuoshea chupa, huyu mpaka miaka ya 1990 ndo amepewa jina lake rasmi, na jina lenyewe la kisayansi limebeba neno Rondo ndani yake. Yani miaka hiyo baadhi yenu humu mlikua mshaanza shule.

Rondo ukitoka Lindi unashika barabara ya Masasi, mbele huko unaacha lami unapandisha, na kadri unavyopanda hewa inabadilika, juu kabisa inakaribia mita 900 toka usawa wa bahari, asubuhi kuna ukungu na lenzi ukiitoa kwenye begi inatoka jasho papo hapo. Kuna miti mingi ya kupandwa, mitiki na misonobari, msitu wenyewe wa asili uliobaki sio mkubwa. Mwingine ni Litipo, karibu na Rutamba, huo ni mdogo zaidi lakini una mambo. Yote ni hifadhi za misitu kwa hiyo huingii tu kama unaingia sokoni, unaenda ofisi za TFS, wale wakala wa huduma za misitu, unaomba kibali, alafu unaenda kwa mwenyekiti wa kijiji unasaini kitabu cha wageni, na hili la mwenyekiti msilidharau kabisa. Mtu mgeni kajifunika kitambaa kakaa kichakani na mtambo mrefu, wewe ungemfikiriaje?

Vifaa ntapita haraka maana najua ndo wengi mnataka na ndo visivyo na maana sana. Mi natumia bodi ya kamera ya mtumba na lenzi ya milimita 70 mpaka 300 ya mtumba, nimenunua Kariakoo, zote kwa pamoja hazifiki bei ya droni mnazorushia harusi. Kama una lenzi ya 400 umebarikiwa. Tripodi mi situmii msituni, inanasa kwenye kamba za miti, natumia kiroba cha kilo mbili nimejaza kunde, naweka juu ya gogo au juu ya goti langu, lenzi inalala pale imetulia kama mtoto. Kanga kuukuu ya rangi ya giza ya kujifunika kichwa na mikono, maana kinachomshtua ndege zaidi ni mikono yako kuliko sura yako. Shati jeupe uache nyumbani. Kamera iweke kwenye shata ya kimya kama inayo. Na mkirudi, tafadhali, kamera usiifungie kwenye begi ikiwa na unyevu, lenzi yangu ya kwanza iliota fangasi ndani kama utando wa buibui kwa sababu hiyo. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Aa na kingine, mwezi wa sita mpaka wa nane watu wanapopuliza salfa kwenye mikorosho, ukipita mashambani alfajiri usitoe kamera nje, ule unga wa njano unaingia kila mahali.

Mwanga sasa. Hapa ndo penye kazi.

Nyie wote mnajua ile dakika ukumbini MC anasema taa zizimwe maharusi wanaingia, mnaijua ile hofu. Basi chini ya msitu wa Rondo saa moja asubuhi ni giza kuliko ile dakika, na hakuna fundi umeme wa kumnong'oneza. Flashi usiwashe, mi sishauri kabisa, unapata macho yamewaka na mgongo unang'aa kama plastiki, na ndege unampoteza kwa siku nzima. Kwa hiyo unafungua lenzi mpaka mwisho, ukiwa kwenye 300 mara nyingi ni f5.6, aiso, yani wepesi wa kamera kunasa mwanga, unapandisha 3200, 6400, msiogope chengachenga, picha yenye chenga inasafishika lakini picha iliyotikisika haina dawa. Alafu spidi ya shata. Vitabu vinasema ukiwa na lenzi ya 300 usishuke chini ya 1/300 ya sekunde, la sivyo picha inatikisika. Msituni huna hiyo 1/300, utaipata wapi. Mi nashuka mpaka 1/80, hadi 1/60, kwa sababu kiroba cha kunde kimeshika lenzi na kwa sababu ndege hawa wa chini wana tabia moja nzuri sana, wanaruka hatua mbili tatu alafu wanaganda. Wanaganda kabisa kama wamechongwa na fundi wa Kimakonde. Ile kuganda ndo shata yako. Unapiga picha saba nane kwa mfululizo mfupi, moja itakua kali jichoni, na jicho likiwa kali mengine yote yanasameheka.

Ila yote hayo unafanya ndege akiwa mbele yako, na mbele yako anakujaje?

Mimi aliyenifundisha sio mpiga picha. Ni mama mmoja wa kule Rondo, bibi kwa umri, anaokota uyoga. Mnajua mvua zetu huku ni msimu mmoja, zinaanza mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili mpaka wa nne, na zikishika tu akina mama wanaingia kwenye miti kutafuta uyoga. Nilikutana nae njiani mwezi wa kwanza, nimelowa, nimechoka, toka alfajiri sijapata hata picha moja ya maana. Nikamuamkia, bibi shikamoo, marahaba mjukuu wangu, unatafuta nini na hilo darubini lako? Nikamwambia namtafuta ndege mmoja wa chini, kijani mgongoni, mwekundu tumboni, nikamuonyesha kwenye simu. Akaangalia kidogo tu. Akasema huyu si nimemuacha pale nyuma.

Yani mimi siku ya nne natafuta. Yeye kamuacha pale nyuma.

Akanieleza akiwa anaendelea kuchambua uyoga wake. Anasema mtu wa uyoga anatembea hatua tano anainama, anakaa chini anafukua taratibu, anakaa hata robo saa sehemu moja, ndege wanamzoea wanaona huyu ni kama nguruwe pori tu anachokora majani, wanakuja kabisa kula vijidudu pale alipofukua. "Wewe unakwenda kama mtu wa kudai deni," akaniambia, "nani atakungoja?" Akanipeleka. Hatukwenda mbali, kama mita mia mbili hivi, akanionyesha sehemu chini ya mti majani yamechokorwa, udongo unaonekana mbichi, akasema kaa hapa, na mimi naenda kule, usiinuke mpaka nirudi.

Nikakaa. Dakika ishirini hakuna kitu, mbu tu. Dakika arobaini, hakuna. Mguu umekufa ganzi. Alafu nikasikia jani. Jani moja limegeuzwa, kimya, jani lingine. Na mnajua unaposubiri kitu unatazama mbali, mi nilikua natazama mbali, kumbe yeye yuko kushoto kwangu kama hatua sita.

Anaitwa pita. Ndo jina lake hata kwa wataalamu, pita wa Afrika, na kwa Kiswahili jina limemkaa maana huyu ni mpita njia kweli, nyakati zingine za mwaka anakaa kwenye misitu ya kati ya Afrika karibu na ikweta, mvua zikikaribia anakuja huku kusini kuzaa, mvua zikiisha anarudi. Na anasafiri usiku. Sasa mtazame. Urefu kama sentimita 20, miguu mirefu ya rangi ya waridi, mkia mfupi mpaka unahisi umekatwa. Kichwa cheusi na utepe wa rangi ya mchanga juu ya kila jicho. Mgongo kijani cha jani la mgomba lililokomaa, kifua rangi ya ngano, na chini ya tumbo wekundu ambao sijui niwaelezeje, kama khanga mpya kabla haijafuliwa. Na kwenye bawa, hapa kwenye bega, kuna vidoa vya buluu. Hivyo vidoa ndo vilinifanya nisahau kupiga. Kwenye kile kigiza vilikua vinawaka kama kwamba vina taa yake ndani, akigeuka kidogo vinazima, akirudi vinawaka. Karuka mara tatu, kaganda. Kainamisha kichwa upande, anasikiliza ardhi. Katoa konokono, kamgonga kwenye mzizi, nikasikia ile tik, tik. Hapo ndo nikakumbuka nina kamera. Nilipata picha kumi na moja. Zilizotoka ni mbili, na moja ndo ile mliyoiona kwenye bango pale mlangoni.

Toka siku hiyo sijamfuata ndege tena. Naingia saa kumi na mbili kasoro kabla hapajapambazuka vizuri, natafuta sehemu yenye majani yaliyochokorwa, au kijito, au mti ulioanguka, nakaa mpaka saa nne. Sehemu moja. Kesho narudi pale pale. Siku ya tatu ndo ndege wanaanza kuniona kama kisiki.

Na masikio. Ndugu zangu jifunzeni sauti kabla ya kununua lenzi. Pita akifika mwanzo wa mvua anapiga sauti moja fupi, kama prrrt ikifuatiwa na kuip, na akiitoa anaruka juu kutoka kwenye tawi anapepea anarudi pale pale. Anafanya hivyo asubuhi na jioni, wiki chache tu za mwanzo, baada ya hapo anakua na kiota ananyamaza, na akinyamaza utapita mita tano toka alipo na hutajua. Kwa hiyo huyu una wiki chache kwa mwaka mzima. Narina, ndege mwingine wa msituni, yeye ni wa juu zaidi, wa katikati ya mti, ana sauti nzito ya hu-hu, hu-hu, ukiisikia unahisi iko kulia kumbe iko nyuma. Na tabia yake inaumiza roho, ana kifua chekundu kinachomeremeta lakini akikuona anakugeuzia mgongo, mgongo wenyewe kijani sawasawa na majani, anakaa hivyo bila kutikisika hata nusu saa. Watu wanapita chini yake wanaenda. Dawa yake ni moja, usimzunguke kutafuta kifua, ukimzunguka na yeye anazunguka. Kaa. Mdudu akipita atageuka mwenyewe.

Kingine, siafu. Mkiona msafara wa siafu msituni msikimbie, sogeeni pembeni mkae, maana siafu wakipita kila mdudu aliye chini ya majani anatoka mbio, na ndege wanajua. Akalati wa pwani nimempata hivyo, yule mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa na uso wa kijivu cha buluu, ambae siku zingine unasikia filimbi yake tu ndani ya kichaka. Alikaa kwenye kamba ya mti kama nusu mita kutoka ardhini, anashuka anadonoa mdudu anaekimbia siafu, anarudi pale pale kwenye kamba, anashuka, anarudi. Nikafokasi kwenye ile kamba nikasubiri, akirudi tu napiga. Siafu walinipanda mpaka kwenye kola na sikuinuka. Soksi ndefu, suruali chomeka ndani ya soksi, nawaambia kwa uzoefu.

Sasa naomba niongee kitu ambacho kinaniuma, na sitataja mtu.

Kuna watu wanakuja na spika. Wanarekodi au wanapakua sauti ya ndege kwenye simu, wanaweka spika chini ya mti wanapiga kwa sauti ya juu, ndege anakuja mbio, wanampiga picha, wanaondoka, dakika kumi kazi imeisha. Nilimkuta mmoja kama misimu mitatu iliyopita, kamuita pita yule yule niliekua nakaa nae asubuhi zote, kamuita kwa zaidi ya saa nzima. Jamani fikirieni ndege anasikia nini pale. Anasikia dume mwenzake kaingia nyumbani kwake. Anaacha kula, anaacha jike, anakuja kupigana na mtu asiekuepo, anaruka na kulia mpaka anahema mdomo wazi, mi nimemuona kwa macho yangu mdomo uko wazi. Na ana wiki chache tu za kupata jike, kujenga, kulea, na kurudi safari ya mbali ya usiku. Kesho yake sikumsikia pale, wala keshokutwa. Sijui alikwenda wapi. Mi siwezi kumkataza mtu na sina cheo chochote, ila kwenye kundi langu ukitoa spika unarudi nyumbani, haijalishi umelipa nini.

Na kabla hamjasema huyu anajifanya msafi, la kwangu hili hapa. Mwezi wa kwanza, mwaka uliofuata baada ya yule mama kunionyesha, nilipata kiota cha pita. Kiko kwenye mti wa miba, juu kidogo ya kichwa changu, kama mpira wa matambara tunaochezea utotoni, vijiti na majani makavu vimerundikwa ovyo, mlango uko pembeni. Ukikitazama unasema ni takataka tu imenasa kwenye mti, na ndo ujanja wake wenyewe. Kulikua na matawi mawili yenye majani yananiziba mlango. Nikatoa kisu, nikayakata. Mawili tu. Mwanga ukaingia vizuri, nikakaa mbali, nikapata picha mzazi anaingia na mnyoo mdomoni, jua limempiga ubavuni, picha ambayo hata magazeti ya nje wangeichukua. Niliporudi siku ya nne kiota kimechanwa. Kimefunguliwa ubavuni, ndani hamna kitu, vijiti viko chini. Labda tumbili, labda nyoka, labda mwewe, sikuona. Ila yale matawi mawili yalikua ndo pazia lao, na aliyelishusha ni mimi.

Ile picha sijaichapisha popote na sitaichapisha. Ipo. Naiangalia kila msimu kabla sijaingia msituni.

Kwa hiyo viota mi sipigi tena. Nikikiona narudi nyuma kwa njia nyingine ili nisitengeneze njia ya miguu kwenda pale, maana njia yako ndo njia ya tumbili na ndo njia ya watoto wenye manati. Na picha mnazorusha mtandaoni zimeni lokesheni kwenye simu, usiandike kijiji, usiandike mti gani, andika Lindi inatosha.

Kuna kijana aliuliza kama kweli pita anaonekana mjini. Ndio, na hili linawahusu hata msioenda msituni. Kwa sababu wanasafiri usiku, taa kali zinawachanganya, wanagonga ukuta au vioo wanaanguka. Mwezi wa kumi na mbili mmoja mtoto wa jirani aliniletea studio, kamuokota asubuhi chini ya taa ya nje ya nyumba, kashikwa mkononi kama vitumbua. Nilimuweka kwenye boksi la viatu, nikatoboa matundu, nikafunika, sikumpa maji kwa nguvu wala chakula, sikumpiga picha pia ijapokua alikua mezani kwangu kabisa kwenye taa zangu zote za paspoti. Jioni tukampeleka kwenye miti nje ya mji tukafungua boksi. Alikaa kama dakika mbili anatazama, alafu akaingia kwenye majani kwa miguu, hakuruka, alitembea tu akapotea. Mkimuokota fanyeni hivyo hivyo, boksi, giza, kimya, jioni. Na kama unaweza kuzima taa ya nje usiku ule wa mvua za kwanza, zima.

Dada mmoja aliyekaa nyuma kabisa aliuliza swali la mwisho, kwamba baada ya miaka tisa ni ndege gani bado sina. Nikamwambia mkesha mwenye madoa. Huyu ni wa chini kama pita lakini hana rangi, mgongo wa kahawia, kifua cheupe kimejaa madoa meusi kama mtu kakirushia wino. Ni wa hatarini kutoweka. Kenya kule pwani, Gede na Arabuko-Sokoke, wanamuona katikati ya mwaka, alafu anaondoka, na misitu yetu hii ya Rondo na Litipo ni kati ya sehemu chache ambapo huku Afrika Mashariki imeonekana anazaa. Mimi nimemuona mara mbili. Mara ya kwanza kamera ilikua kwenye begi. Mara ya pili, Litipo, nilikua nimekaa toka asubuhi, akatokea nyuma ya gogo, akasimama kwenye kivuli, tukatazamana, na nilijua nikiinua tu lenzi ataondoka kwa sababu mkono wangu ulikua chini kwenye kiroba. Sikuinua. Akala mara mbili, akageuka, akaenda zake. Dada akasema mi ningeinua. Nikamwambia hata mimi nilitaka.

Sasa mvua zikishaanza na kukatika siku mbili tatu barabara ikakauka, ntaenda tena Rondo na gari dogo la watu saba, tunatoka stendi ya Lindi saa tisa usiku ili saa kumi na mbili kasoro tuwe tumeshakaa chini. Yule mama wa uyoga bado yupo na amekubali kutembea na sisi, tutamlipa siku yake kama tunavyomlipa mtu yeyote anaetufanyia kazi. Kibali ntashughulikia mimi, nileteeni majina kamili na namba za vitambulisho mapema. Njooni na viatu vya kufunika, soksi ndefu, kanga au kitambaa cha giza, maji, na mihogo ya kuchemsha au viazi, msilete chakula cha kwenye mifuko ya kuchakacha. Simu zote zitazimwa kwenye gari. Dada wa nyuma ameshaandika jina na wazee wawili pia, zimebaki nafasi tatu.